Ganzi, hofu na vishina vya pembe: shajara ya mradi wa ndama 16, Rungwe

3 Juni 2024: Maandalizi

Kazi ni kuondoa vishina vya pembe (vinundu ambamo pembe huota) kwa chuma cha moto kwa ndama wa maziwa wenye umri wa wiki 2 hadi 8, na kuyazuia maumivu mara tatu: chuma kinapogusa, ganzi inapoisha mchana wake, na siku zinazofuata wakati kidonda kinapona. Tunafanyia kwenye mabanda ya wafugaji wadogo wilayani Rungwe, ndama chotara wa Friesian, daktari wa mifugo akiwepo kila siku ya kazi. Dawa zinazotajwa humu zinahitaji cheti cha daktari, na anayetaka kuiga aanzie kwake.

Vifaa: chuma chenye kichwa cha duara kilichobonyea katikati, jiko la mkaa, kipande cha ubao mkavu, lidokeini 2% isiyo na adrenalini (dawa ya ganzi), meloksikamu 20 mg/ml (dawa ya maumivu na uvimbe), zailazini 2% (dawa ya kumtuliza mnyama), mabomba ya ml 1 na ya ml 5, sindano za geji 21 zenye urefu wa sm 2.5, wembe, iodini, dawa ya kunyunyizia vidonda, utepe wa kukadiria uzito kifuani, na saa.

Maelezo kidogo kabla ya kuanza, kwa sababu kila dawa inashika mahali pake. Hisia za kishina cha pembe hupita kwenye neva ya pembe, tawi la neva ya tano ya kichwa. Chuma kikiunguza, nyuzi za neva hiyo hupeleka ishara hadi kwenye shina la ubongo, na pale ncha zake humwaga kemikali mbili, glutameti na dutu P, ambazo huiamsha seli inayofuata. Zikimwagika kwa muda mrefu, seli hiyo inageuka kuwa nyepesi mno: hata unyasi ukigusa, ndama anaruka. Upande wa pili ubongo una breki zake. Huteremsha enkefalini, serotonini na noradrenalini kuzima ishara palepale inapoingilia. Lidokeini hufunga milango ya sodiamu kwenye uzi wa neva, hivyo ishara haiondoki kabisa. Meloksikamu huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, kemikali za uvimbe kwenye kidonda, ambazo ndizo zinazozinoa ncha za neva. Zailazini inaigiza noradrenalini kwenye breki za ubongo wenyewe.

11 Juni 2024: Ndama wanne wa kwanza. Tulidanganywa na kimya

Ndama mmoja mmoja aliangushwa, goti likawekwa shingoni, tukanyoa, tukachoma lidokeini ml 5 kila upande, na baada ya dakika 4 chuma kikawekwa. Ndama watatu hawakutoa sauti wala hawakurusha miguu. Kwenye daftari tukaandika "ganzi imeshika". Ndama wa nne alishikwa akiwa amesimama, kwa kamba ya kichwani tu, kwa sababu msaidizi mmoja alikuwa anachochea jiko. Huyu aliruka mara tu chuma kilipomgusa upande wa kushoto, akapiga ukelele.

Ganzi ileile, kipimo kilekile, sindano ileile. Tukarudi kwa wale watatu wakiwa wamesimama na kutulia, tukagusa kwa ncha ya sindano ngozi iliyo nje ya duara la kidonda, maana katikati neva zimeshaungua na hapapimiki. Wawili walishtuka upande mmoja. Maneno "ganzi imeshika" yalikuwa makosa, na tunayaacha humu makusudi.

Ndama aliyebanwa chini hukauka. Mtazame jichoni: weupe unaonekana pembeni, pumzi imekatika katikati, masikio yamelala nyuma, kinyesi chepesi kinamtoka bila kusukuma. Hiyo si raha. Hofu kali inapompata, haipothalamasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo, huiamuru tezi iliyo chini ya ubongo kukata molekuli moja kubwa iitwayo POMC. Kutoka molekuli hiyo hiyo moja hutoka homoni inayoenda kuamsha kotisoli, homoni ya msongo, kwenye tezi za juu ya figo, na hutoka pia beta-endofini, ambayo ni afyuni ya mwili wenyewe. Hofu na dawa ya maumivu vinatoka mfuko mmoja. Wapanda farasi wa Ulaya walijua tangu zamani kwamba farasi akibanwa mdomo wa juu kwa kitanzi cha kamba hutulia, na mwaka 1984 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba beta-endofini kwenye damu hupanda kitanzi kinapobana, na kwamba naloksoni, dawa inayoziba vipokezi vya afyuni, huupunguza utulivu huo.

Kwa hiyo mnyama aliyekandamizwa anaweza kuwa na sehemu ya maumivu yaliyofunikwa na endofini, na sehemu iliyobaki hana njia ya kuionyesha kwa sababu amekauka. Kinga hiyo ni ya muda mfupi. Hofu ikishuka, kidonda kipo palepale. Kimya cha ndama aliyebanwa hakipimi ganzi, na tangu leo hatukihesabu.

Makosa mengine mawili ya siku hii. Dakika 4 hazitoshi, kwani lidokeini ina kazi ya kupenya mafuta yanayoizunguka neva na inahitaji dakika 5 hadi 10. Na sindano ilizamishwa yote sm 2.5, dawa ikaishia ndani ya msuli, wakati neva inapita juu yake, karibu na ngozi.

18 Juni 2024: Ganzi yarekebishwa. Meloksikamu yachelewa

Ndama wanne wengine, kilo 32 hadi 43. Kwanza kidole, halafu sindano. Kutoka kona ya nje ya jicho kwenda kwenye kishina kuna ukingo wa mfupa unaohisika waziwazi. Katikati ya safari hiyo, chini kidogo ya ukingo, ndipo neva ilipo. Sindano inaelekezwa upande wa kishina na kuingia nusu sentimita hadi sentimita moja tu. Pistoni inavutwa nyuma kabla ya kusukuma, kwa sababu mshipa wa damu wa pembe unapita na neva hiyo bega kwa bega. Damu ikionekana, rudi nyuma kidogo. Mara mbili leo ilionekana. Dawa inamwagwa kwa kupepea: nyingi pale, kidogo wakati sindano inatoka.

Kipimo nacho kimebadilika. Tunakaa kwenye 5 mg kwa kilo. Ndama wa kilo 40 ana haki ya 200 mg, yaani ml 10 za dawa ya 2%. Mara ya kwanza tulizimaliza zote kwa mkupuo, na upande ulipokosa hatukuwa na akiba. Sasa ni ml 4 kila upande, na ml 2 zinabaki bombani kwa ajili ya upande utakaokataa. Kwa wa kilo 32 jumla ni ml 8: tatu, tatu na akiba ya mbili. Lidokeini ikizidi, mnyama hutetemeka na kuingia kwenye degedege, kwa hiyo hesabu hii ifanyike kwa kalamu.

Baada ya dakika 10, ndama akiwa amesimama kwa kamba iliyolegea, tunagusa kwa ncha ya sindano sehemu nne kuzunguka kishina. Kope ya juu ikilegea ni habari njema, lakini si ushahidi, maana inasema dawa imefika neva ya jirani inayofunga jicho. Ushahidi ni sindano. Leo upande mmoja kati ya pande nane ulikataa sehemu ya nyuma ya kishina. Pale kuna vitawi vya neva kutoka shingoni, na ml 2 za akiba zilizochomwa chini ya ngozi nyuma ya kishina zilimaliza kazi ndani ya dakika 6. Ndama wote wanne walichomwa wakiwa wamesimama, hakuna aliyeruka.

Ndama wa tano alirudishwa nyumbani bila kuguswa. Alikuwa amejikwaruza kwenye waya, na kishina cha kulia kilikuwa na usaha. Kwenye nyama yenye uvimbe tindikali ni nyingi, na lidokeini katika tindikali hugeuka kuwa na chaji isiyopenya kwenye neva. Kuongeza dawa hapo ni kuongeza sumu bila ganzi. Atibiwe kwanza.

Tatizo lilikuja mchana. Meloksikamu, 0.5 mg kwa kilo chini ya ngozi, yaani ml 1 kwa ndama wa kilo 40, ilichomwa kwa ndama wawili nusu saa kabla ya chuma, na kwa wawili baada ya chuma kwa sababu chupa ilisahauliwa kwenye sanduku la pikipiki. Kazi iliisha saa 4:30 asubuhi. Saa 6:30 mchana, ganzi ikiwa inakwisha, tulihesabu kutikisa kichwa na kupiga masikio kwa dakika 10. Waliopata dawa kabla: mara 4 na mara 6. Waliopata baada: mara 19 na mara 23, na mmoja alisugua kichwa kwenye nguzo hadi kigaga kikatoka. Ndama wanne hawathibitishi kitu peke yao, lakini haya yanakubaliana na kazi ya Kevin Stafford na David Mellor wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand: ganzi ikitumika peke yake, kotisoli haipandi wakati wa kuondoa pembe, ila inapanda saa kadhaa baadaye ganzi inapoisha. Ganzi ikisindikizwa na dawa ya kundi la meloksikamu, mlima huo wa pili unashuka sana.

Prostaglandini zikishatengenezwa, meloksikamu haizifuti. Inazuia mpya tu. Ndiyo maana inatangulia. Utaratibu sasa: ndama akifika, kitu cha kwanza ni uzito, cha pili meloksikamu, halafu ndipo jiko linawashwa.

Tumeulizwa kwa nini hatupimi kotisoli kwenye damu. Kumkamata ndama ili atolewe damu kunaipandisha hiyo kotisoli yenyewe ndani ya dakika chache, na tungekuwa tunapima mikono yetu.

2 Julai 2024: Zailazini na ndama waliokimbizwa

Ndama watatu wakubwa, wiki 8, kama kilo 60, waliozoea kutembea huru migombani. Walikimbizwa karibu dakika 20 kabla ya kukamatwa. Zailazini 0.05 mg kwa kilo ni 3 mg, na kwa chupa ya 2% ni ml 0.15, tone dogo linalopimika kwa bomba la ml 1 pekee. Ng'ombe huihisi zailazini kama mara kumi zaidi ya farasi, na iko chupa ya 10% iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi. Anayechukua ile kwa kudhani ni hii anampa ndama mara tano ya kipimo. Soma lebo kwa sauti, mwingine asikie.

Baada ya dakika 10, wawili walikuwa bado wanarusha miguu. Mmoja akaongezewa ml 0.15. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote ya mradi huu.

Zailazini inafanya kazi kwenye kijisehemu cha shina la ubongo ambako noradrenalini nyingi ya ubongo inatoka. Kila ncha ya neva inayomwaga noradrenalini ina kipokezi kinachosema "imetosha", na zailazini inakalia kipokezi hicho na kuizima neva kabla haijamwaga. Kwa mnyama aliyetulia, tone linatosha. Kwa mnyama aliyekimbizwa, neva zinamwaga mfululizo, adrenalini imejaa kwenye damu, na dawa inapiga kelele sokoni. Haikupotea lakini. Iko mwilini, inangoja. Hofu iliposhuka dakika 20 baadaye, vipimo vyote viwili vilishika kwa pamoja.

Ndama alilala ubavu kwa zaidi ya saa mbili. Mate yalimtoka, tumbo likajaa gesi upande wa kushoto, mvua ya Tukuyu, mji wa wilaya hii, ikanyesha, na joto la mwili likashuka hadi nyuzi 37.1, wakati la kawaida kwa ndama ni 38.5 hadi 39.5. Tulimwinua akalalia kifua, tukamwegemeza magunia mawili ya pumba pande zote, mdomo ukainamishwa mate yamwagike nje badala ya kuingia kwenye mapafu, tukamkausha kwa magunia na kumfunika kwa nyasi kavu. Gesi ilianza kutoka mara alipokaa kifuani. Alisimama saa 9 alasiri. Dawa ya kuiondoa zailazini, tolazolini, hatukuwa nayo. Zailazini isifunguliwe mahali ambapo kipinzani chake hakipo.

Wawili wengine walifanyiwa kazi kwa ganzi ya kawaida pamoja na ile zailazini ya mara moja. Kulewa hakutoshi: katika kipimo hiki kidogo dawa inamtuliza, lakini lidokeini lazima ichomwe vilevile. Wa tatu aliachwa kwa siku hiyo, akafanyiwa tarehe 5 bila zailazini.

9 Julai 2024: Kuondoa hofu kwanza

Ndama watano. Zailazini ilibaki sandukuni.

Tulibadilisha siku yenyewe. Jioni iliyotangulia, ndama alifungwa mahali anapolala siku zote, karibu na mwenzake. Asubuhi alipewa nusu ya maziwa yake na mtu yule yule anayempa kila siku. Mbwa walifungwa nyuma ya nyumba, watoto wakaombwa kukaa mbali, na jiko likawekwa upande moshi hauendi bandani. Kamba ya kichwani ilivaliwa tangu jana ili asishangae. Ng'ombe mama aliachwa ng'ambo ya ubao, na ndama wawili kati ya watano walichomwa ganzi huku wakilambwa mgongoni. Mwenye ng'ombe ndiye aliyeshika kichwa. Mtu mgeni alikuja na sindano tu.

Kutoka kufika hadi ganzi kushika: dakika 14 kwa wastani, wakati tarehe 11 Juni kumkamata ndama peke yake kulichukua zaidi ya hapo. Ncha ya sindano ilipita pande zote kumi bila kushtua. Mchana, kutikisa kichwa kulikuwa kati ya mara 2 na 7 kwa dakika 10.

Lipo jambo linalowachanganya wengi, nasi lilituchanganya mwanzoni. Ikiwa hofu inamwaga endofini, si imsaidie? Hofu fupi na kali ndiyo inayofunika maumivu, na kwa dakika chache. Hofu ya kukokota, ya kutengwa, njaa na kelele ya kutwa, inafanya kinyume: breki za ubongo zinachoka na kidonda kile kile kinauma zaidi. Ndama aliyefungwa peke yake tangu alfajiri akisubiri zamu anafika kwenye chuma akiwa mwepesi wa maumivu kuliko ndugu yake aliyetolewa kwenye maziwa.

23 Julai 2024: Pembe zimerudi

Ukaguzi wa ndama wa kwanza. Vishina viwili kati ya vinane vya tarehe 11 Juni vinaota pembe iliyopinda. Mkaa wa siku ile ulikuwa na unyevu, chuma kikawa chekundu hafifu, na mahali pengine tulikishikilia sekunde 25 hadi 30 tukisubiri kiive. Hapo tunapata hasara mbili kwa pamoja: seli za kuotesha pembe pembeni haziungui zote, huku joto likiendelea kushuka kwenye fuvu. Kwa mbuzi wadogo, ambao fuvu lao ni jembamba, kosa hili linafika ubongoni.

Tiba yake: vyuma viwili, kimoja kazini na kimoja motoni, mkaa ulioanikwa, na ubao. Chuma kilichoiva kikigusa ubao mkavu kinaacha duara jeusi kamili ndani ya sekunde 2 au 3. Duara likikatika, kirudi motoni. Kichwani ni sekunde 10, si zaidi ya 15, kikizungushwa polepole hadi duara la rangi ya shaba lionekane pande zote. Vishina viwili vilirudiwa leo kwa ganzi kamili na meloksikamu.

Mfugaji mmoja alipaka kinyesi cha ng'ombe juu ya kidonda kuzuia inzi. Tumekiosha na kumweleza habari ya pepopunda. Dawa ya kunyunyizia inatosha, na kidonda kibaki wazi na kikavu.

20 Agosti 2024: Vidonda na gharama

Ndama wa 9 Julai, wiki ya sita: wanne wamefunga ngozi mpya, wa tano bado ana kigaga upande mmoja na anakwepa mkono ukimkaribia kichwani. Vidonda vya chuma huchukua wiki 6 hadi 9, wakati mwingine zaidi, na sehemu hiyo hubaki nyepesi muda wote huo. Kamba ya kichwani isipite juu yake, na ndama asinywee kwenye ndoo yenye mdomo mwembamba unaosugua.

Gharama kwa ndama mmoja wa kilo 40, kwa bei tulizonunulia: lidokeini ml 10, Sh 1,200. Meloksikamu ml 1, Sh 800. Mabomba na sindano tatu, Sh 600. Mkaa, ukigawanywa kwa ndama wanne, Sh 750. Dawa ya kunyunyizia, Sh 600. Wembe na iodini, Sh 200. Jumla Sh 4,150, bila ada ya daktari wala mafuta ya pikipiki. Zailazini ingeongeza Sh 180 kwa kipimo kimoja, na hiyo ndiyo inayowavutia watu, kwa sababu inaonekana kama njia rahisi ya kupata mnyama mtulivu. Kamba iliyovaliwa jana na nusu ya maziwa hazikutugharimu kitu.

Ndama dume akipelekwa machinjioni, meloksikamu ina siku zake za kusubiri, na kwenye lebo ya chupa yetu ni 15.

Wale wa zamu ijayo ni sita, pamoja na yule wa usaha, ambaye amepona ila sasa ana wiki 13 na kishina kimeshashikana na fuvu. Chuma hakimfai tena. Atahitaji kukatwa, ganzi ya kuzunguka pembe yote, na meloksikamu tena siku ya pili kwa uamuzi wa daktari. Tolazolini imenunuliwa na iko sandukuni.